Pigo Moja Lililokosekana

Sura ya Sita

"Nieleze tena habari ya ubao," alisema Inspekta Migdalia Otero.

Nicanor Xitumul alijifuta uso kwa kiganja. Tangu asubuhi alikuwa ameeleza habari ya ubao mara nne: mara mbili kwa Kapteni Brannigan, ambaye hakuelewa neno, na mara mbili kwa mkalimani wa simu, ambaye alielewa maneno yote lakini maishani mwake hakuwahi kuona zulia la vumbi la mbao.

"Zulia linaanzia katikati, Inspekta. Unamwaga vumbi, unachekecha rangi juu ya kigezo, halafu unakuja nje pole pole. Hakuna kukanyaga. Fundi analala kifudifudi juu ya ubao, huku matofali, huku matofali, zulia chini yake. Ukitaka kutoka lazima waje watu wawili wakuwekee ubao mwingine wa kupitia."

"Na jana hao watu wawili walikuwa wapi?"

"Walikimbilia kutazama ngoma ya bomba! Ngoma ilipolia tu, wakaniacha pale kama nguo iliyosahauliwa kambani." Nusura acheke, kisha akakumbuka alipo. "Nimeita mpaka sauti imekauka. Nani atanisikia? Watu mia tatu, wote wanamtazama mwanamke mmoja anacheza."

Migdalia aliinamisha macho kwenye daftari lake. Mwanamke huyo alikuwa yeye.

"Vumbi la zambarau limekutwa kwenye ngazi za stoo, pale alipoangukia doña Providencia, msimamizi wa sherehe yenu."

"Limekutwa kila mahali! Upepo wa jana umeuona mwenyewe. Nenda kamtazame mbwa wa padre, masikio yote zambarau. Mkamateni naye."

"Jana asubuhi uligombana na doña Providencia."

"Alitaka zulia langu likae jirani na vyoo vya kukodi. Zulia la Mama Maria, Inspekta. Ungekuwa wewe ungenyamaza?"

"Kuna mtu amesema alikuona ukitoka stoo saa ileile."

Nicanor aliweka viganja mezani. Alikuwa mtu mfupi mwenye mikono mikubwa, na kwenye kucha zake rangi tatu zilikuwa bado hazijatoka. "Basi huyo mtu anaona mpaka ndani ya kuta," alisema. Halafu akashusha sauti. "Mke wangu yuko hapo nje?"

"Yupo."

"Mwambie asikae kwenye gari letu. Na nyumbani asirudi leo. Aende kwa dada yake, na mtoto amchukue."

Migdalia hakumuuliza kwa nini. Mjini Harlan Falls hakuna asiyejua kwa nini. Jina la mtu asiye na vibali likishaandikwa kwenye karatasi ya mashtaka linaingia kwenye mtambo wa kompyuta, na watu wa uhamiaji wanausoma mtambo huohuo. Hata kama baada ya wiki mbili kesi ingefutwa, Nicanor angekuwa ameshasafirishwa kurudishwa Guatemala kama mzigo, na mtoto wake wa darasa la pili angebaki na jina la baba kwenye fomu ya shule.

Kapteni Brannigan alikuwa anamngoja Migdalia kwenye ukumbi mwembamba, kikombe cha kahawa mkononi.

"Una vumbi, una ugomvi, una shahidi," alisema. "Unataka nini zaidi, Otero? Picha yake akisukuma?"

"Nataka kuongea na shahidi."

"Ameshaongea."

"Hajaongea na mimi. Jana nilikuwa hospitali."

Kapteni alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa kumi na dakika kumi, Jumapili alasiri, na yeye alikuwa mtu wa kutaka meza safi. "Saa kumi na mbili kamili natia saini mashtaka. Ukipata kitu kabla ya hapo, nipigie. Usipopata, usinipigie kunilaumu."

Migdalia alitoka. Jana hospitali alikuwa ameinua blanketi la doña Providencia na kuona kwenye mkono wa yule bibi wa miaka sabini na moja alama nne za vidole na moja ya dole gumba. Mtu alimshika akamsukuma, au alimshika akamponyoka. Daktari hakuweza kusema lipi kati ya hayo, na mwenye kujua alikuwa hajazinduka.

Simu ililia akiwa ndiyo kwanza ameingiza gari barabarani. Mama yake. Ilikuwa mara ya tatu siku hiyo.

"Baraka, mami."

"Provi amezinduka?"

"Bado."

"Hajasema chochote?"

"Mami, mtu hajazinduka atasemaje?"

"Si nauliza tu. Provi ni rafiki yangu, nisiulize? Tumeshona wote kiwandani miaka kumi na tisa." Doña Eufemia alivuta pumzi. "Na yule Mguatemala, amekiri?"

"Wewe leo mbona hujaenda kwenye meza yako ya lesi? Watu watakuulizia."

"Macho yananiuma. Nimepika wali na mbaazi, ukipita utakula. Usipokula utaanguka." Akakata simu.

Migdalia aliendesha mpaka kwenye taa za daraja ndipo akagundua kwamba mama yake hakuitikia baraka. Mtoto wa Puerto Rico huomba baraka akiingia, akitoka, akipiga simu, hata kama ana miaka arobaini na nane na bastola kiunoni, na mama humjibu Mungu akubariki hata kama wamegombana. Doña Eufemia aliwahi kuitikia akiwa na mrija wa oksijeni puani. Uzee, Migdalia alijiambia. Uzee na mshtuko. Akaongeza mwendo.

Robo saa nzima ilimpotea akitafuta mahali pa kuegesha. La Ceiba, nyumba ya utamaduni iliyokuwa zamani kiwanda cha karatasi, ilikuwa imefurika kuliko jana. Kamati ilikutana asubuhi ikakubaliana sherehe iendelee, kwa hoja moja tu: doña Providencia akizinduka na kukuta wamefunga, atawamaliza mmoja mmoja. Kwa hiyo wachoraji walikuwa wametandaza picha zao kwenye uzio wa mfereji, wasichana wa Kikolombia wanapakana wanja kwenye kioo cha gari, mama wa Kisalvador anapiga pupusa, mikate ya mahindi, viganjani huku analia na haachi kupiga. Zulia la Nicanor lilikuwa limefunikwa kwa turubai, nusu yake haijakamilika. Watu walilizunguka mbali, kama linaambukiza.

Don Gumersindo Pizarro alikuwa nyuma ya jukwaa anakaza ngoma zake. Alikuwa na miaka sabini na mitatu, na kila bomba iliyochezwa mjini hapo kwa miaka thelathini, primo, ngoma yake kuu, ilikuwa kati ya magoti yake. Kwenye karatasi za Kapteni Brannigan alikuwa shahidi namba moja. Kwa Migdalia alikuwa padrino, baba yake wa ubatizo, na hilo Kapteni hakuliuliza kwa sababu hakujua kwamba ni kitu cha kuulizwa.

"Baraka, padrino."

"Mungu akubariki, mwanangu. Umekonda. Polisi hawawalishi?"

"Nimekuja kikazi."

"Najua. Ungekuja kunisalimia ungeleta kahawa." Aligonga kigingi kwa nyundo ndogo bila kumtazama. "Nimeshawaambia wenzako. Mguatemala alitoka mlango wa stoo. Basi."

"Alivaa nini?"

"Kofia ya majani."

"Kuna wanaume hamsini hapa wenye kofia za majani. Hata wewe unayo."

"Kofia ya majani na sura yake."

"Alikuwa amebeba kitu?"

"Hapana. Mfuko. Sikumbuki."

"Saa ngapi?"

"Saa nane na nusu na kitu. Wewe ulikuwa uwanjani."

"Wakati nacheza mimi?"

"Wakati unacheza wewe. Ulitaka nifanyeje, nisimamishe ngoma nikamshike?"

Migdalia alikuwa anaandika. Kalamu ilisimama. Jana hakuwa na mpango wa kucheza. Alikuwa amekuja na jinzi yake kununua alcapurria mbili za kukaanga aondoke, ila Yarelis, kiongozi wa wachezaji, alimfunga sketi kiunoni kwa nguvu, watu wakaanza kupiga kelele za jina lake, na ukishasukumwa ndani ya duara hutoki bila kucheza. Alicheza dakika kumi na moja. Zilikuwa dakika nzuri kuliko zote alizopata mwaka huo.

"Padrino, nani alinifundisha bomba?"

"Mimi. Na marehemu baba yako, ingawa miguu yake ilikuwa ya mbao."

"Uliniambia nini kuhusu macho ya mpiga primo?"

Nyundo ilisita. Ngoma nyingi duniani humwongoza mchezaji. Bomba ni kinyume chake. Mchezaji hutupa pindo la sketi, hukata bega, hutikisa mguu, na primo inamjibu papo hapo, pigo kwa kila tendo. Mpiga ngoma haruhusiwi kupepesa. Wenye ngoma za kupokea, wanaorudia mdundo uleule, wanaweza kutazama watu, kutazama mawingu, hata kumkonyeza mtu. Mwenye primo hana macho ya ziada.

"Ulisema macho yako ni mali ya mchezaji," Migdalia aliendelea. "Ulisema ukiyaondoa umemtukana mbele za watu. Sasa unaniambia ulinitukana?"

"Sijakutukana."

"Basi hukumwona mtu mlangoni. Mlango uko nyuma yangu. Ulikuwa unatazama pindo langu."

Don Gume alivuta kamba, akainua mabega. "Haya. Sikuona. Niandike mzee mwongo, tumalize. Nina onyesho saa kumi na moja na nusu."

Alikuwa amekubali haraka mno. Migdalia alikuwa amehoji waongo kwa miaka ishirini na moja, na mwongo akibanwa hupigania uongo wake kidogo, japo kwa heshima. Huyu aliuachia kama kitu cha moto. Halafu mikono yake. Mikono iliyokuwa haikosei kigingi ilikuwa imekikosa mara mbili.

Migdalia alimfikiria Kapteni. Angesema mzee amebadilisha maneno kwa sababu mpelelezi ni binti yake wa ubatizo. Angetia saini na kwenda nyumbani.

Kisha akakumbuka aibu yake.

Ilimshika tangu jana, na kwa sababu ilikuwa aibu ya ngoma tu hakumwambia mtu. Kuna mahali pamoja, katikati ya mchezo, alitupa pindo kushoto na primo haikumjibu. Pigo moja lilikosekana. Mchezaji wa bomba asipojibiwa hailaumu ngoma. Anajilaumu mwenyewe, kwamba ametupa ovyo, kwamba tendo lake halikusomeka. Wanafundishwa hivyo tangu wana miaka mitano. Alikuwa amejiambia kuwa uzee umemfikia miguuni, akaendelea kucheza akitabasamu kwa uchungu.

Alimkuta Yarelis kwenye ngazi za jukwaa, amejaza pini mdomoni.

"Ile video yangu ya jana unayo?"

"Ninayo. Mbona, unataka kuiposti? Ulikuwa moto, Inspekta, ila pale katikati ulipotea kidogo." Yarelis alitema pini akampa simu. "Wote tuliona. Tukanyamaza kwa heshima."

Migdalia alisogeza picha kwa kidole. Alijiona mnene kuliko alivyojidhania. Alimwona don Gume, shingo imeinama, macho kwenye pindo. Bega, pigo. Mguu, pigo. Pindo kulia, pigo. Pindo kushoto, na hapo hakuna kitu. Alirudisha nyuma. Safari hii hakujitazama yeye. Alimtazama padrino.

Kichwa cha mzee kilikuwa kimeinuka. Macho yalipita juu ya bega lake yakaenda kwenye mlango wa stoo. Yalikaa huko muda wa kuvuta pumzi, kisha yakarudi usoni kwake yeye Migdalia, si kwenye pindo. Yakashuka. Ngoma ikaendelea. Saa ya video ilionyesha saa nane na dakika arobaini na moja. Doña Providencia alikutwa saa nane na arobaini na tano.

Hakuwa amekosea mguu. Kwa sekunde moja hilo lilimfurahisha, na furaha yenyewe ikamtia hofu.

Alirudi nyuma ya jukwaa, akaweka simu juu ya ngozi ya ngoma.

"Ulimwona mtu," alisema. "Hukunidanganya kuhusu kuona. Umenidanganya kuhusu nani."

Mzee aliitazama picha yake mwenyewe imeganda, kichwa juu. Hakuigusa.

"Mpeleke Mguatemala," alisema.

"Kwa nini?"

"Kijana. Ana nguvu. Wakimrudisha, atapita tena. Mara ngapi wamewarudisha watu, wakapita tena? Kuna watu wakilala selo siku mbili watakufa."

"Watu gani?"

"Migda, nenda nyumbani ukale."

"Watu gani, padrino? Xitumul ana mtoto anayeandika kwa penseli. Saa kumi na mbili jioni yule mtu anapotea, na ni wewe utakayekuwa umempoteza, si Brannigan."

"Usinipigie kelele mbele ya ngoma."

"Nitakuuliza mara moja nyingine. Ukinidanganya, kuanzia leo mpaka kifo nitakuita Bwana Pizarro."

Hilo lilimwingia. Alikaa juu ya kreti, akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili kama yuko kanisani. Upande wa pili wa pazia mtangazaji alikuwa anawaita watu kwa kipaza sauti, na watu walikuwa wanacheka kitu.

"Mimi nilishika mshumaa wako," alisema. "Kanisani, Ponce, ulikuwa unalia kama mbuzi. Padre akaniambia nikulinde. Nikasema nitamlinda. Unadhani kilikuwa kiapo cha mchezo?"

"Kunilinda na nini?"

"Na hiki unachoniuliza."

Kulikuwa na kreti nyingine kando, lakini Migdalia hakukaa. Alijua kwamba akikaa hatauliza tena. "Sema."

"Alitoka stoo amekumbatia mto wake wa kusukia lesi. Kiatu kimoja mguuni, kingine hakuna. Nywele zimefumuka, na unajua yeye hatoki nje na nywele zimefumuka. Walikuwa wanagombana wiki nzima, yeye na Provi. Provi alitaka lesi yake itolewe kwenye ukumbi wa picha ihamie nje, bandani, pamoja na vikapu. Kazi ya miaka arobaini, na vikapu." Don Gume alikuwa anaongea na kofia. "Akasimama pale mlangoni. Akakuona unacheza. Akafuta macho. Halafu akakupigia makofi, Migda. Watu wote walikuwa wanapiga makofi, na yeye akauweka mto chini akapiga. Nikakosa pigo langu."

Hakutaja jina. Migdalia hakumwomba alitaje. Alifungua daftari akaandika kila neno, na mto, na kiatu, na makofi, akampa mzee asome, akampa kalamu. Don Gume alisaini kwa herufi kubwa kama za mtoto wa shule. Ilikuwa saa kumi na moja na dakika ishirini na nane.

Angeweza kuliacha hapo. Shahidi ameyumba, ushahidi dhaifu, hakuna jina: hiyo ingekuwa ripoti ya halali kabisa. Na Brannigan angeisoma, angekunja uso, angetia saini yake chini ya jina la Nicanor Xitumul, kwa sababu karatasi yenye jina moja huishinda karatasi isiyo na jina. Migdalia alilijua hilo kama alivyojua ngazi za nyumbani kwao. Alitoka mpaka kwenye uzio wa mfereji, akapiga.

"Una nini?" alisema Kapteni.

"Shahidi wako amebadilisha maelezo, kwa maandishi. Hakumwona Xitumul. Ninayo video ya saa nane na arobaini na moja inayoonyesha alipotazama. Na shahidi wa pili ni mimi."

"Wewe?"

"Ndiye niliyekuwa nacheza. Kwa hiyo siwezi kuendelea na kesi. Mpe mwingine."

"Kucheza," Kapteni alirudia, kama neno la lugha ya mbali. "Otero, unanitania? Kama si Xitumul ni nani?"

"Mfungulie kwanza."

"Haiendi hivyo."

"Kwangu leo inaenda hivyo. Mfungulie, mpe simu yake na mkanda wake, mkewe yuko nje. Nataka kusikia. Halafu nitakupa jina na nyumba."

Alisikia kiti kikisukumwa, viatu kwenye sakafu, ufunguo. Alisikia Brannigan akisema kitu kwa ukali na mtu akijibu kwa Kihispania kwamba haelewi. Halafu kwa mbali mlango, na sauti ya mwanamke iliyopanda mpaka ikakatika. Nyuma yake La Ceiba ilianza kupiga makofi. Onyesho la saa kumi na moja na nusu lilikuwa linaanza, na primo ililia mara moja, kavu, ikijaribu ngozi.

"Ameondoka," alisema Kapteni. "Sasa?"

"Eufemia Otero. Miaka sabini. Mtaa wa Tannery, namba kumi na nne, ghorofa ya pili."

Hata Brannigan alijua kusoma jina.

"Otero," alisema Kapteni, taratibu. "Unataka wewe ndiye ukamkamate…"

"Hapana. Siruhusiwi." Migdalia alishika uzio kwa mkono wa pili. "Tuma mwanamke, kama yupo. Na msivunje mlango, Kapteni. Gongeni tu. Atafungua mbio. Atadhani ni mimi nimekuja kula."